UZI: Mhadhiri mkali wa Miundo ya Data na Algorithimu – anachodai, watu wanapoangukia, na ukali unapozidi

#1 – MtiPacha (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mwaka wa pili unapoanza, maswali kuhusu mwalimu huyu yanarudi yale yale, na majibu ni mawili tu: "jiandae kusapu" (kurudia mtihani) au "piga msuli". Hayo hayamsaidii mtu. Naomba hapa tuweke mambo yanayoshikika. Chuo na jina la mwalimu tusivitaje. Waliomo wanajijua, na walimu wa mtindo huu hawakosekani kwenye vyuo vyenye idara ya kompyuta.

Kwa wasiomjua, masharti yake ni haya. Lugha ni C peke yake. Kazi sita kwa muhula, kila moja wiki mbili, mwisho wa kuwasilisha ni Jumapili saa 5:59 usiku. Anakompaili mwenyewe (anageuza msimbo kuwa programu) kwenye Linux kwa kompaila ya gcc, kwa amri hii:

`gcc -std=c11 -Wall -Wextra -Werror -g *.c -o kazi`

Ikigoma, sifuri. Ikikubali, programu inapitishwa kwenye majaribio ambayo darasa halijayaona. Memori ikivuja (umeiomba, hukuirudisha), nusu ya alama inaondoka. Baada ya hapo kila mtu anaitwa ofisini dakika kumi, faili lake linafunguliwa, anaambiwa "sasa nataka orodha ichapwe kinyumenyume", naye anahariri pale pale. Alama za muhula ni 40, UE (mtihani wa mwisho) ni 60, na kwenye UE programu zinaandikwa kwa mkono kwenye karatasi.

Wanaoijua kozi waseme: kila sharti linakamata kosa gani, linakwepekaje, na lipi kati ya hayo halina msingi.

---

#2 – Kompaila_Moja

Mkuu, nianze na hiyo amri kwa sababu ndiyo inayoangusha wengi mapema.

-Wall na -Wextra zinaitaka kompaila itoe maonyo. -Werror inageuza kila onyo kuwa kosa, kwa hiyo faili la kuendesha halipatikani kabisa. Ukiangalia maonyo yenyewe, mengi yanahusu makosa ya kweli: kigeu kinachosomwa kabla ya kupewa thamani, `if (x = 5)` mahali pa `if (x == 5)`, fankisheni iliyoahidi kurudisha namba halafu ikaisha bila kurudisha kitu.

Linaloongoza kwenye -Wextra ni hili:

`for (int i = 0; i < strlen(jina); i++)`

strlen inarudisha size_t, aina isiyo na namba hasi. i ni int, ina hasi. Kompaila inakataa ulinganisho huo. Tiba ni kutoa `size_t n = strlen(jina);` nje ya lupu, na i nayo uitangaze kuwa size_t. Hapo unapata na faida ya pili. Amri yake haina -O2, kwa hiyo strlen iliyokaa kwenye sharti la lupu itaitwa kila mzunguko, na kila ikiitwa inatembea herufi zote hadi mwisho. Maandishi ya herufi 100,000 yanakuwa herufi bilioni 10 za kupitiwa. Programu inachelewa, na jaribio linaweza kukatwa kwa muda kuisha.

Mtego mwingine mkubwa ni `-std=c11`. gcc ya kawaida bila bendera hiyo inatumia gnu17 au toleo la karibu yake, na humo strdup na getline zinatambulika. Ukisema c11 tupu, string.h na stdio.h hazizitangazi tena, kwa kuwa ni za POSIX (kanuni za mifumo ya aina ya Unix), si za C11 yenyewe. Kompaila inasema fankisheni haijatangazwa, -Werror inamalizia. Nyumbani inapita, kwake sifuri. Andika mstari huu juu kabisa ya faili, kabla ya #include ya kwanza:

`#define _POSIX_C_SOURCE 200809L`

Ukiuweka chini ya #include hausaidii chochote.

---

#3 – Baiti_ya_Mwisho

Naongezea kwenye memori. Tazameni mistari hii miwili, imo kwenye desa (majibu ya kunakili) nyingi zinazozunguka; malloc ni fankisheni ya kuomba memori:

```
char *nakala = malloc(strlen(jina));
strcpy(nakala, jina);
```

Jina likiwa Asha, strlen inasema 4. Lakini maandishi ya C yanafungwa kwa herufi `'\0'`, hivyo Asha anahitaji baiti 5. Umeomba 4, umeandika 5.

Swali ambalo kila mtu anauliza: mbona kwangu inafanya kazi? Kwa sababu malloc ya glibc (maktaba ya C) kwenye Linux ya biti 64 haikupi baiti 4 kamili. Kipande kidogo kabisa inachotoa kina baiti 24 za kutumia, kinachofuata 40, kisha 56, inapanda kwa 16. Asha anapita, Mwanaidi anapita, Abdulrahman anapita. Mwalimu akiweka jina la herufi 24 kamili, ile `'\0'` inaangukia kwenye sehemu inayohifadhi ukubwa wa kipande cha jirani. Programu haifi hapo. Inakuja kufa mbali kabisa, ndani ya malloc au free nyingine isiyohusika, na wewe unabaki kukagua mstari ambao hauna kosa.

valgrind, programu ya kukagua matumizi ya memori, inalikamata hata kwa Asha:

`valgrind --leak-check=full ./kazi < jaribio1.txt`

Itaandika "Invalid write of size 1", na chini yake kwamba anwani hiyo iko "0 bytes after a block of size 4". Ukiona "0 bytes after", jua umevuka mwisho wa kipande kwa hatua moja. Mara nyingi dawa ni +1.

Kosa la pili kwa wingi ni kuachia (kurudisha memori ya) linkidi listi nzima, yaani orodha ya nodi ambapo kila nodi ina pointa (anwani) ya nodi ijayo, hivi:

```
while (p) {
    free(p);
    p = p->ijayo;
}
```

Mstari wa tatu unasoma ndani ya nodi ambayo umeshairudisha. Hifadhi anwani ya ijayo kwanza, uachie jina lililo ndani ya nodi, kisha nodi yenyewe:

```
while (p) {
    struct nodi *ijayo = p->ijayo;
    free(p->jina);
    free(p);
    p = ijayo;
}
```

Ukigeuza mpangilio wa free hizo mbili umerudi kwenye kosa lile lile. Na ukisahau free(p->jina), valgrind itaandika "definitely lost" kwa idadi ya majina. Hayo ndiyo maneno anayoyatafuta mwalimu. "Still reachable" ni jambo jingine: memori bado ina pointa inayoielekea programu inapoisha. Muulizeni kama naye anaihesabu, maana walimu wanatofautiana.

---

#4 – SautiYaDarasa

Ufundi wenu naukubali, lakini tusimsafishe mwalimu kwa kila kitu. Sifuri kwa onyo moja ni kipimo kibovu. Mtu aliyeandika mti wa AVL (mti wa utafutaji unaojisawazisha) mzima ukafanya kazi, akabakiza parameta moja isiyotumika, anapata alama sawa na ambaye hakuwasilisha. Alama hiyo haimwambii mwanafunzi anajua nini, wala haimwambii mwalimu.

Pia majaribio ya siri yanabaki siri hata baada ya matokeo. Unaambiwa umefeli 7 kati ya 20, hujui ni yapi. Utajisahihishaje?

---

#5 – Pembe_ya_Sifuri

SautiYaDarasa, hoja ya pili nakuunga mkono kwa asilimia zote. Jaribio likishatumika halina sababu ya kuendelea kufichwa. Mwakani anaweza kubadilisha data.

Ila kabla ya matokeo, majaribio hayo si fumbo. Kwenye linkidi listi chukua kila fankisheni uipe hali hizi: orodha tupu, orodha ya nodi moja, kufuta ya kwanza, kufuta ya mwisho, kufuta kitu ambacho hakimo, vitu viwili vinavyofanana. Wanaofeli majaribio saba mara nyingi wamekosa jambo moja tu, kufuta ya kwanza, kwa sababu kosa hilo linajirudia kila mahali.

Chanzo chake ni hiki. Ukiandika `void futa(struct nodi *kichwa, int x)`, fankisheni inapokea nakala ya pointa. Ukisema ndani yake `kichwa = kichwa->ijayo`, umebadilisha nakala; aliyekuita bado ameshika nodi ya zamani, ambayo umeshaiachia. Inatakiwa `struct nodi **kichwa`, na uite `futa(&orodha, 7)`. Ukiielewa pointa ya pointa vizuri, hata `if` ya kubagua nodi ya kwanza haihitajiki tena:

```
void futa(struct nodi **k, int x) {
    while (*k && (*k)->namba != x)
        k = &(*k)->ijayo;
    if (*k) {
        struct nodi *t = *k;
        *k = t->ijayo;
        free(t);
    }
}
```

Chora masanduku kwenye karatasi, ufuatishe mstari kwa mstari kwa orodha tupu, kisha ya nodi moja, kisha ya tatu. Ukiona k inaelekea kwenye sanduku la pointa na si kwenye nodi, umeshaielewa.

Na upande wa kusoma data: `scanf("%s", mji)` inaishia kwenye nafasi ya kwanza. Mji ukiwa Dar es Salaam umepata "Dar", na "es" inaingia kwenye kigeu kinachofuata. Kuanzia hapo kila mstari umehama. Tumia fgets.

---

#6 – Jenga_Mtaa (Nairobi)

Wadau, huku kwetu mambo ni yale yale, ila katika vyuo vingi CAT (alama za muhula) ni 30 na mtihani ni 70, kwa hivyo karatasi inauma zaidi. Niongee kuhusu mashine, kwa sababu lec hasikizi kilio cha "kwangu ilikuwa inarun".

Kama uko kwa Windows, usihangaike na IDE za zamani. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika `wsl --install`, uwashe mashine upya, upate Ubuntu (Linux ndani ya Windows). Halafu:

`sudo apt update && sudo apt install build-essential gdb valgrind`

Fanya hiyo kwa wifi ya campus, usimalize bando lako. Baada ya hapo huhitaji mtandao kabisa.

Asiye na laptopu anaweza kuanza na simu ya Android: Termux, kisha `pkg install clang make`. clang (kompaila nyingine) inakubali bendera zile zile na maonyo yake yanasomeka vizuri. Haifanani na gcc kwa kila onyo, kwa hivyo kabla ya kuwasilisha lazima upitishe kwa mashine ya maabara.

Sasa tatizo la Windows ambalo watu hawalioni kwa macho: faili la data lililotengenezwa huko linamaliza kila mstari kwa herufi mbili, `\r\n`. Ukilisoma kwa Linux ukatoa `\n` peke yake, jina linabaki "Asha\r". Ukilichapa linaonekana sawa, lakini strcmp inakataa. Toa zote mbili kwa mpigo:

`mstari[strcspn(mstari, "\r\n")] = '\0';`

Mstari huo uwe mazoea kila baada ya fgets.

---

#7 – NodeHuru

Mahojiano ya dakika kumi ndiyo yanayotisha, na kwa maoni yangu ndicho kipimo cha haki kuliko vyote alivyonavyo. Anayeandika kazi yake mwenyewe anayapita hata akiwa na wasiwasi.

Mabadiliko anayoomba yanatoka kwenye familia chache: chapa kinyumenyume, ingiza kwa mpangilio badala ya mwishoni, hesabu nodi bila kuongeza kigeu, arei ijae kisha ikue. Hii ya mwisho ina mitego miwili. Wa kwanza ni `p = realloc(p, n)`: realloc ikishindwa inarudisha NULL, umeshapoteza anwani ya zamani na memori yote iliyokuwemo. Pokea kwa pointa nyingine, ukague, ndipo uhamishe. Wa pili ni kukuza kwa nafasi moja moja. Anauliza "kwa nini unazidisha kwa mbili?" na anataka hesabu. Mpe hii: ukifika vitu 1,000 kwa kuongeza moja moja, na kila ukuaji ukinakili vyote, umenakili mara 0+1+2+…+999, yaani 499,500. Ukianza na 1 ukazidisha kwa mbili hadi 1,024, umenakili 1+2+4+…+512, yaani 1,023.

Mazoezi: mpe mwenzako faili lako, achague fankisheni moja na aseme badiliko, wewe uhariri bila kuondoa mikono kwenye kibodi, huku unaeleza kwa sauti. Kigugumizi kikubwa hutokea kwenye kueleza. Akikuuliza "mstari huu unafanya nini", usisome msimbo kwa maneno ("i inaongezeka kwa moja"). Sema kusudi lake ("natafuta nodi iliyo kabla ya ninayotaka kuifuta").

---

#8 – Mlangoni_Kwanza

Kuhusu desa: watu wanabadilisha majina ya vigeu na kupangua mistari wakidhani wamejificha. Walimu wengi wanatumia Moss, mfumo wa Alex Aiken wa Stanford wa kutafuta misimbo inayofanana, ulioanza 1994. Hautazami majina. Unaondoa nafasi, unayachukulia majina yote kuwa kitu kimoja, unakata msimbo vipande vidogo vinavyopishana, unavigeuza kuwa namba, kisha unachagua baadhi ya namba hizo kuwa alama za vidole za faili. Namna ya kuchagua ilielezwa 2003 na Schleimer, Wilkerson na Aiken. Ukiita `kichwa` badala ya `head`, alama haibadiliki. Ukihamisha fankisheni nzima kutoka juu kwenda chini, alama zake zinahama nayo.

Lakini na mwalimu ana wajibu wake hapa. Moss inaonyesha panapofanana. Haisemi nani amenakili. Msimbo aliougawa mwenyewe darasani anatakiwa aupeleke kama faili la msingi ili usihesabiwe, la sivyo darasa zima litaonekana limeibiana. Na kuchapa orodha kuna njia chache sana za kuiandika. Mwalimu anayetoa sifuri kwa asilimia peke yake, bila kusoma misimbo miwili sambamba, anaonea watu, na mwanafunzi ana haki ya kuomba mahojiano kabla ya hukumu.

---

#9 – BiAlgorithimu

Tuje kwenye UE, maana hapo kompaila haipo.

Swali la AVL haliachi kuja. Fanyeni hili kwa mkono: ingiza 10, 20, 30, 40, 50, 25. Baada ya 30 unazungusha kushoto, mzizi unakuwa 20. Baada ya 50 unazungusha kushoto kwenye 30, na 40 inachukua nafasi yake. Ukiingiza 25 inakaa kushoto kwa 30, na mzizi 20 unaelemea kulia: urefu 1 kushoto, 3 kulia. Mwelekeo ni kulia kisha kushoto, kwa hiyo mzunguko ni wa hatua mbili: kwanza kulia kwenye 40, kisha kushoto kwenye 20. Mwisho mzizi ni 30. Kushoto kwake 20 yenye 10 na 25. Kulia kwake 40 yenye 50 upande wa kulia.

Wengi wanaipoteza ile 25. Kwenye mzunguko wa mwisho 30 inapanda huku tayari ina mtoto wa kushoto, na nafasi hiyo inachukuliwa na 20. 25 lazima ihamie kuwa mtoto wa kulia wa 20. Angalia kwa kusoma mti kushoto–mzizi–kulia: usipopata 10, 20, 25, 30, 40, 50 umekosea mahali.

Jedwali la hashi nalo lina swali lake analolipenda. Nafasi 7, kanuni ni baki ya kugawa kwa 7, pakijaa unasogea nafasi inayofuata. Ingiza 8, 15, 22. Zote zina baki 1, kwa hiyo zinakaa 1, 2 na 3. Futa 15 kwa kuiacha nafasi ya 2 tupu. Sasa tafuta 22: unaanza 1, unakuta 8, unaenda 2, unakuta tupu, unasema haimo. Imo, iko 3. Jibu lake ni kuweka alama ya "palifutwa" badala ya tupu: utafutaji unaipita, uingizaji unaruhusiwa kuitumia. Anayeandika hivyo na kueleza kwa nini anapata alama zote. Anayesema "tumia linkidi listi" anapata kidogo, kwa sababu amekwepa swali.

Na kwenye kutafuta kwa kugawanya nusu, msiandike `(chini + juu) / 2`. Int kwenye mashine hizi inaishia 2,147,483,647, jumla ikizidi hapo inaharibika. Andikeni `chini + (juu - chini) / 2`. Kosa hilo lilikaa kwenye maktaba ya Java kwa takriban miaka tisa hadi Joshua Bloch alipolieleza hadharani 2006, kwa hiyo mwalimu hatafuti sababu ndogo ya kukunyima alama.

---

#10 – Kompaila_Moja

Naongezea kwa BiAlgorithimu: kasi nayo huulizwa kwa namba. Quicksort (njia ya kupanga data) inayochukua kitu cha kwanza kuwa kigawanyo, ukiipa data 100,000 zilizokwisha pangwa, inafanya ulinganisho karibu bilioni 5. Mergesort, njia nyingine ya kupanga, kwa data hizo haizidi takriban milioni 1.7. Jaribio la data iliyopangwa huwa limo kwenye kazi ya nne, kila mwaka.

Na msiachie linkidi listi kwa fankisheni inayojiita yenyewe. Staki (memori ya miito ya fankisheni) ya kawaida kwenye Linux ni MB 8. Nodi milioni moja maana yake miito milioni moja iliyofunguliwa kwa pamoja, na kila mmoja unakula makumi ya baiti. Inaanguka kwa "Segmentation fault" ingawa kimantiki haina kosa.

---

#11 – SautiYaDarasa

Nawashukuru, haya yanafaa. Lakini bado hamjagusa lililo zito. Mwalimu anatamka darasani kwamba nusu yenu mtafeli kwa kuwa programu si ya kila mtu. Hilo nalo ni kipimo cha ubora?

---

#12 – BiAlgorithimu

Dada, hapana, na takwimu hazimuungi mkono. Mwaka 2007 Jens Bennedsen na Michael Caspersen walikusanya matokeo ya kozi ya kwanza ya programu kutoka vyuo vya nchi mbalimbali. Wasiofaulu walikuwa wastani wa asilimia 33 hivi. Watson na Li walirudia 2014 kwa data nyingine, wakapata waliofaulu asilimia 67.7, yaani pale pale. Bennedsen na Caspersen wenyewe waliporudi 2019 wasiofaulu walikuwa karibu asilimia 28. Hizo ni kozi za mwanzo, hii ni ya mwaka wa pili ambapo waliokwama wameshachujwa. Darasa linaloanguka nusu nzima linatakiwa lichunguzwe, mwalimu akiwamo.

Nionavyo, masharti ya -Werror, valgrind na mahojiano yabaki, kwa sababu kila moja linakamata kosa linaloelezeka na mwanafunzi anaweza kulikagua kabla ya Jumapili. Kuficha majaribio baada ya matokeo, sifuri ya jumla kwa onyo moja, na maneno ya kuwakatisha watu tamaa hayafundishi chochote. Yaondoke.

---

#13 – CR_Mstari

Basi kwa wanaotaka yaondoke, fomu ya tathmini ya mwisho wa muhula isijazwe kwa "mwalimu anatuonea". Idara haina la kufanya na sentensi hiyo. Andikeni jambo, athari, pendekezo: "Majaribio hayatolewi baada ya matokeo, hatuwezi kusahihisha kabla ya kazi inayofuata, ambayo inajengwa juu ya hiyo hiyo. Tunaomba yatolewe siku tatu baada ya alama." Au: "Kazi isiyokompaili irudishwe mara moja ndani ya saa 48, kwa kukatwa alama 20 kati ya 100." Watu ishirini wakiandika jambo moja kwa maneno yao wenyewe, mkuu wa idara ana kitu cha kupeleka kikaoni. Na msingoje fomu: CR (mwakilishi wa darasa) aende kwa mwalimu wiki ya tatu, kazi ya kwanza ikisharudi.

Kwa rufaa ya alama, nenda na vitu vinne: faili ulilowasilisha lenye saa yake, amri ya kukompaili, data uliyoingiza, na matokeo yaliyotoka. Ukimwonyesha kwa dakika mbili kwamba amri yake mwenyewe inakubali, mazungumzo yanakuwa mafupi. Ukienda na malalamiko matupu atakuuliza vitu hivyo hivyo.

---

#14 – MtiPacha (mleta uzi)

Shukrani sana wakuu, uzi umekuwa nilivyoutaka. Kuna jambo moja wengi wananiuliza pembeni: Makefile (faili la maagizo ya kukompaili) inagoma kwa "missing separator", na wanaona kila kitu kiko sawa.

---

#15 – Kompaila_Moja

Hiyo ni Tab, mkuu. Mstari wa amri kwenye Makefile lazima uanze na Tab halisi. Nafasi nane hazihesabiwi kuwa Tab hata kama zinafanana machoni. Ukinakili kutoka WhatsApp au PDF, Tab hugeuka nafasi, na hata hii hapa chini ukiinakili huenda ikageuka. Yenyewe inatosha kwa kazi zote sita:

```
BENDERA = -std=c11 -Wall -Wextra -Werror -g

kazi: kuu.c orodha.c orodha.h
	gcc $(BENDERA) kuu.c orodha.c -o kazi

jaribu: kazi
	valgrind --leak-check=full --error-exitcode=1 ./kazi < jaribio1.txt
```

`make jaribu` inakompaili na kupima memori kwa mkupuo mmoja. Ikigoma, andika `cat -A Makefile`. Tab inaonekana kama ^I, na ile `\r` ya Windows aliyoitaja Jenga_Mtaa inaonekana kama ^M mwishoni mwa mstari. Mstari wa gcc na wa valgrind usipoanza na ^I, futa nafasi zote za mwanzo na ubonyeze Tab mara moja.